Kiwiko cha Mchuma Chai

Jumatatu, 5 Mei
Nimechuma chai hadi saa nne, nikapeleka majani kituo cha kununulia, nikaosha miguu, nikaenda mjini Kisii. Kama kila siku ambayo sina mfuko wa fimbo za mchezaji wa kubeba. Kwenye uwanja wa gofu nilipiga mipira hadi jua likainama. Mingi ilipinda kulia. Mwalimu Otieno alinirekodi kwa simu, akanionyesha polepole. Fimbo ikiwa juu, niko sawa. Ikianza kushuka tu, kiwiko cha kulia kinaruka nje, mbali na mbavu, na kifundo cha mkono kinafunguka mapema. Nguvu imekwisha kabla fimbo haijafika kwenye mpira. Sikupenda nilichokiona. Nilidhani napiga vizuri.

Kamati ya klabu imetangaza. Nafasi ya mwalimu msaidizi wa gofu ni moja. Tuko wawili, mimi na Ombui. Ijumaa ya wiki ijayo tutacheza mbele yao. Wataangalia alama, na wataangalia namna ya kupiga. Otieno alinisisitizia hilo la pili. "Nyabuto, mwalimu anayepiga vile hawezi kufundisha."

Nimebeba mifuko ya watu tangu nimalize kidato cha nne. Naitaka sana nafasi hii.

Jumanne, 6 Mei
Maelezo ya Otieno, nisiyasahau. Kiwiko kishuke kwanza, karibu na mbavu, kifike mbele ya nyonga. Kiganja cha kulia kibaki kimelala nyuma, kama cha mtu aliyebeba sinia, hadi mpira upigwe. Ni hayo tu. Mtoto anaweza kuyakariri. Mkono wangu haujui kusoma.

Jumatano, 7 Mei
Ombui alikuwa uwanjani. Kijana wa kutoka Masimba, baba yake ana duka. Kiwiko chake kinashuka chenyewe, bila kuitwa. Kosa lake liko karibu na shimo, hapo mikono inamtetemeka. Namwonea wivu.

Alhamisi, 8 Mei
Nilifanya mazoezi nyuma ya jiko kwa mpini wa jembe. Mke wangu Kerubo alitoka na sufuria, akasimama, akacheka mpaka akaketi kizingitini.

"Baba Dorcas, hiyo ni gofu ama unarusha majani?"

Nilimkasirikia. Kisha hasira ikaisha ghafla. Nikavaa kikapu mgongoni, nikaingia kwenye chai, nikautazama mkono wangu kama mkono wa mtu mwingine. Unachuma. Kiganja kinajaa. Unarusha nyuma, juu ya bega. Kiwiko kinapanda nje. Kifundo kinafunguka haraka ili majani yaangukie kikapuni. Ni kosa lile lile la kwenye simu. Nimelifanya tangu kabla sijaanza shule, kila siku isipokuwa Sabato.

Otieno ni mtu wa ziwani, hajawahi kuchuma chai. Asingejua. Ombui naye hajawahi kubeba kikapu.

Sijui nifurahi au nilie.

Ijumaa, 9 Mei
Upumbavu. Nilikata kipande cha leso kuukuu, nikakifunga kiwiko kwenye mbavu, nikaenda kuchuma hivyo. Nilitaka mkono ujifunze njia mpya huko huko ulikoharibikia. Majani yaliniangukia shingoni, mgongoni, kwenye matope. Mama Moraa aliniona kutoka shamba lake la jirani.

"Nyabuto! Nani amekuvunja mkono? Kerubo?"

Wachumaji wake wote walicheka. Mmoja akauliza kama Kerubo alitumia mwiko au mchi. Kituoni karani aliyarudisha majani yenye udongo. Kerubo hakucheka leo.

Jumamosi, 10 Mei
Sabato. Sikugusa fimbo. Wakati wa maombi nilifumbua macho nikakuta kiwiko kimebana mbavu na kiganja kimelala nyuma. Mzee wa kanisa aliniuliza kama tumbo linanisumbua. Nikasema ndiyo. Uongo, tena kanisani.

Jumapili, 11 Mei
Nimemwambia Kerubo sitachuma mpaka mashindano yaishe. Mkono upumzike, usahau. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso.

"Chai haingoji kamati."

Ni kweli. Mvua imenyesha vizuri, majani yanakimbia. Yasipochumwa yanakomaa, na kituoni hawayataki. Nikasema ni wiki moja tu. Akauliza, "Wiki ya nani?" Nilitoka nje nikazunguka nyumba kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama.

Jumatatu, 12 Mei
Mazoezi. Hakuna badiliko. Kerubo alichuma peke yake.

Jumatano, 14 Mei
Kimeshuka! Mara ya kwanza nilifikiri nimeota. Kiwiko kilipita karibu na mbavu, kiganja kikangoja, na mlio wa mpira ukawa mwingine kabisa, mfupi na mzito. Mpira ulikwenda moja kwa moja. Nikarudia. Ukakubali tena. Otieno alivua kofia, akaivaa tena. Kwake hiyo ni sifa.

Nilirudi nyumbani Gesima nikiwa na haraka ya kusimulia. Nilimkuta Kerubo ameketi ameegemea ukuta, amelala, kikapu bado kiko mgongoni. Nilijiona mwizi. Habari ya mpira sikuisema.

Alhamisi, 15 Mei
Asubuhi kiwiko kilishuka. Mchana kiliruka. Mvua ikatufukuza uwanjani. Siwezi kutulia. Nimeipiga pasi suruali, nikaikunja, nikaikunjua, nikaipiga tena. Kerubo amesema nikiendelea hivyo nitaiunguza, niende kwa kamati na kaptura.

Ijumaa, 16 Mei
Uwanja wetu una mashimo tisa, kwa hiyo tulizunguka mara mbili kutimiza kumi na manane.

Mzunguko wa kwanza nilipiga kama Otieno alivyonifundisha. Wanakamati walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja alimnong'oneza mwenzake akinielekezea kidole. Lakini kila pigo nilikuwa nawaza kiwiko, si mpira. Mpira mmoja ukaingia mitini, mwingine mchangani. Namna nzuri, alama mbaya. Ombui alikuwa mbele yangu, ametumia mapigo manne pungufu, na alijua. "Mzee, leo unapiga kama kalenda," akasema. "Picha safi, lakini hausongi."

Nilisimama mwanzoni mwa mzunguko wa pili na kujiuliza nataka nini. Nikiendelea hivi, nitashindwa nikiwa na mkono mzuri. Nikiuacha mkono wangu wa zamani ufanye kazi, najua mpira utapinda kulia. Unapinda kiasi kile kile kila mara, kwa miaka. Naweza kulenga kushoto, ukarudi katikati. Lakini kamati itaona kila kitu. Otieno alinionya mapema. Siwezi kusema sikujua.

Nikalenga kushoto kabisa, nikauacha mkono. Kiwiko kiliruka. Mpira ulienda kushoto, ukageuka, ukatua katikati ya nyasi fupi. Wanakamati wakaacha kutikisa vichwa.

Nilicheza hivyo hadi mwisho. "Hiyo ni gofu ama ni kung'oa viazi?" Ombui akauliza, mimi nikizidi kumkaribia. Shimo la mwisho kosa lake likamrudia, mpira ukapita kando, nikampita kwa pigo moja. Alinipa mkono vizuri, bila chuki.

Otieno alisimama mbali akitazama nyasi. Hakuvua kofia.

Nilikuwa na furaha kubwa mpaka nilipofika barabarani. Kisha nikaogopa.

Jumamosi, 17 Mei
Sabato. Sijasikia neno la mahubiri.

Jumatatu, 19 Mei
Wamemchukua Ombui. Otieno aliniambia mwenyewe, kwenye lango, kabla sijaingia. Aliongea polepole. Alisema alama zangu zilikuwa bora, na kamati imekubali hivyo, lakini mwanafunzi atanakili anachokiona. Nilimwambia naelewa. Naelewa kweli. Imeniuma vile vile.

Sikubaki mjini. Nilifika nyumbani mapema, nikachukua kikapu cha pili, nikaingia shambani. Majani mengi yalikuwa yameshakomaa, kazi ya wiki yangu ile. Kerubo alinitazama usoni akajua. Tulichuma, kila mtu mstari wake, mpaka kivuli cha mikaratusi kikatufikia.

Kisha akauliza, "Lakini Ombui ulimshinda?"

"Nilimshinda."

Alirusha majani kikapuni, akachuma mengine, akarusha tena.

"Sawa," akasema, akavuka kwenda mstari wa mbali, akaniachia ule wenye machipukizi laini.