Nimekurudisha Nyumbani Bila Wewe Kujua

Karakana ya kuchomelea,
Nyuma ya uwanja wa chuo.
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa mpwa wangu Twiga,

Pokea salamu nyingi kama cheche za mashine yangu. Hujambo? Goti je, bado linakusumbua baridi ikiingia? Na hao mabinti wa timu yako wanakusikia, au mpaka upulize filimbi? Sisi huku wazima. Mama yako hajambo, anatembea kwa mikogo tangu aone picha yako umebeba kombe. Mke wangu naye hajambo, ingawa hasemi na mimi tangu Alhamisi, na sababu utaiona mbele.

Mimi ni yuleyule. Shule unajua niliishia darasa la tano, la sita nililiona kupitia dirisha, lakini kazi inanitii. Juzi juzi nimechomelea geti la hospitali mpaka daktari akataka nimfundishe kushona wagonjwa. Usicheke. Alisema, "Mzee, mkono wako hautetemeki," na hapo ni kama ameshaomba.

Sasa mpwa wangu, kaa chini. Kama uko uwanjani, waambie wasichana wakanywe maji.

Ile picha ya kombe, kinyozi wetu alikuwa anaionyesha kwa kila kichwa kinachoingia kibandani kwake. Siku hiyo nami nilikuwa pale nasubiri zamu, basi nikawaeleza safari yako yote. Ulivyochezea chuo hiki, ulivyochukuliwa kwenda kusoma na kucheza ng'ambo, goti lilivyokusaliti, ulivyombebea kocha wa huko chupa za maji msimu mzima kabla hajakuachia hata filimbi, mpaka leo timu ni yako na chuo kizima kinasimama ukipita. Sawa, hapo kwenye kusimama nimeongeza. Na niliongeza zaidi niliposema ni mimi niliyekufundisha kulenga kikapu, kwa kokoto na kopo la rangi. Wewe na mimi tunajua aliyekufundisha ni nani.

Kinyozi akanichokoza. "Mjomba, kama ni mkubwa hivyo mbona hata kuja kutusalimia haji? Kashatusahau huyo."

"Nani kakusahau? Mkataba wake unaisha msimu huu," nikamjibu. "Anarudi kufundisha chuo chetu hapa hapa. Kaniambia mimi kabla ya mama yake."

Ulikuwa umeniambia kwenye simu kwamba umechoka, na siku nyingine unatamani nyumbani. Basi, ni hilo tu, tena uliniambia kwa siri, nami nikalijengea ghorofa. Kwenye kiti cha pembeni alikaa mtu povu limemjaa mpaka kwenye nyusi, mimi nikadhani ni yule muuza matairi. Akainuka na povu lake, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kumbe ni mkuu wa chuo.

Kesho yake akaniita ofisini. Akanikalisha kwenye kiti kinachozunguka, akaniuliza, "Mzee, ni kweli tuliyoyasikia?" Pale ndipo ningejiokoa. Ningesema ni porojo za kibandani, tungecheka, ningerudi kwenye vyuma vyangu. Lakini kiti kilikuwa kinazunguka vizuri, katibu wake akaniletea soda, nikajiona mtu. Nikasema ni kweli, tena binti ameomba jambo moja tu, mistari ya uwanja ipakwe upya. Wameshaipaka.

Nilichosahau ni kwamba timu ya chuo ina kocha tayari. Ni Kocha Pumzi, mwalimu wako, yule wa "Pumzi kwanza, mpira baadaye!" Ameambiwa inatosha, akapumzike. Hafla ya kumuaga ni Jumamosi hii inayokuja.

Niliposikia hivyo, nikajua lazima amenikasirikia mimi na ukoo wangu wote, nikawa naingia karakana kwa kuzunguka nyuma ya ghala ili nisikutane naye. Alhamisi akaja mwenyewe. Alikuwa anasukuma lile toroli la mipira, gurudumu moja limening'inia kama jino la mtoto.

"Fundi, lichomelee vizuri," akasema. "Nataka binti alikute zima."

Akakaa juu ya bomba, akaanza kunisimulia habari zako, mimi niliyekuona ukizaliwa. Ulivyokuwa ukikosa mpira unalia, halafu kesho alfajiri anakukuta uwanjani umefika kabla yake. Akanieleza yupi katika wasichana wa sasa anatumia mkono wa kushoto na asibadilishwe, yupi anahitaji kupigiwa kelele, na yupi ukimpigia kelele umemvunja. Anataka akueleze mwenyewe, anasema mambo hayo hayaandikiki.

"Angekuwa mtu mwingine ningegoma," akasema. "Nisingetoka pale hata waniletee askari. Lakini kwa yule? Kwa yule natoka naimba."

Mpwa wangu, nilikuwa ndani ya kinyago cha kuchomelea, na nilishukuru kuwa ndani. Nikachoma na kuchoma mpaka gurudumu lenyewe likashikana na ekseli, likakataa kuzunguka. Hapo nikavua kinyago, nikamwambia yote. Kibanda, povu, kiti, soda.

"Kwa hiyo yeye hajui?"

"Hajui."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, kocha."

Nikangoja anitukane. Tusi ningelipokea, hata kofi. Akalitazama toroli, akasema, "Mimi nilikuwa nimeshafurahi." Basi. Akaondoka nalo akiliburuta, gurudumu halizunguki, na nilipotaka kumsaidia akanikatalia kwa mkono.

Siku ileile nikaenda kwa mkuu wa chuo. Nikaeleza jambo lilivyo bila kuongeza hata punje. Unajua alifanya nini? Alicheka. "Mzee wewe, unapandisha dau! Mwambie binti asiwe na wasiwasi, na nyumba tutampa." Nikatoka hapo mpaka kwa kinyozi, nikasimama mlangoni, nikatangaza kwamba nilidanganya. "Sasa hapo ndipo unadanganya!" akasema kinyozi, na kibanda kizima kikaangua kicheko. Aliyeniamini ni mke wangu peke yake, ndiyo maana hasemi na mimi.

Kwa hiyo nakuandikia kwa sababu ukweli wangu hapa hauna mteja. Wanasubiri neno kutoka kwako. Kuzungumza kwa simu nisingeweza, ningeanza kupamba, kwa hiyo binti wa jirani atazipiga picha karatasi hizi akutumie leo leo. Mpigie mkuu wa chuo kabla ya Jumamosi. Mwambie huji, hukuahidi, na mjomba wako ni mwongo. Litaje neno lenyewe, usilipunguze kwa heshima. Usipomwambia, mzee wa watu anaagwa, na wale wasichana wanabaki na mistari mipya bila kocha.

Na usije ukasema utarudi ili kunifichia aibu. Kazi yako umeipata kwa goti lako, haikutoka kwenye mdomo wangu. Siku ukitaka kurudi, utarudi kwa kutaka kwako, na mimi nitanyamaza. Nitajaribu.

Ukimaliza na mkuu, mpigie Kocha Pumzi. Sijui utamwambia nini. Nimejaribu kukutungia maneno hapa, yakawa matamu mno, nikayafuta. Tafuta ya kwako, mafupi.

Nisalimie wasichana wako wote, na yule msaidizi wako mcheshi. Kinyozi anakusalimu, na dada zako wa mtaani wanakusalimu. Mungu akulinde, wewe na goti lako, akupe usingizi na ushindi, na akupe moyo wa kunisamehe hata kama si mwaka huu.

Mama yako hajui kwamba nakuandikia. Tangu asubuhi anafua mapazia ya chumba chako, maji ya tatu haya, na kila anayepita anamwambia unakuja. Sitamtuma mtu. Nikiweka kalamu hii chini naenda kwake mwenyewe, kabla hajayatundika.

Akupendaye kuliko anavyojua kusema kweli,

Mjomba wako.