Mafungu Sita ya Kitabu cha Dada Wegesa

Bucha ya Mzee Magige,
Nyamisangura,
Tarime, Mara.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa dada Wegesa,

Habari za huko Newala? Shikamoo sikupi, maana umenizidi miaka mitatu tu na hata hiyo mitatu nina mashaka nayo. Ile ambayo ningekupa wewe mpe shemeji Steven. Vipi kifua chako, kile kikohozi cha vumbi la chaki kimekuacha? Na mtoto, ameanza kutembea au bado anaburuza makalio kama ulivyokuwa wewe? Bibi ndiye aliyenisimulia, usinitafute mimi.

Sisi huku wazima. Mahindi tumeshavuna, yako juani. Bibi Robi magoti yanamsumbua kidogo, mdomo haujambo kabisa. Mimi nimeongezeka mwili. Wateja wageni wakija buchani wanadhani mwenye duka ni mimi, na mimi siwakatishi tamaa.

Simu zako nimeziona. Tisa. Sikupokea kwa sababu wewe ukikasirika kwenye simu husemi, unafundisha, na mimi darasa niliacha kidato cha pili. Kwenye barua lazima unisikilize mpaka mwisho ndipo unune. Kwa hiyo kaa chini, mtoto mpe baba yake, usome taratibu.

Uliniuliza nasoma nini siku hizi, na nasoma na nani. Najibu kifua mbele. Zamani nilikuwa najificha na kitabu nyuma ya bucha kama mtu anayevuta bangi. Sasa tuko sita, tumekuwa chama cha wasomaji kama chenu cha Jumamosi, ila sisi hatuna mwenyekiti wa kutugongea meza. Vitabu vyenyewe wewe unaviita bunilizi za kisayansi, sisi tunaviita vya anga, na vile vya mizimu na falme tunaviita vya majini. Vyote tunasoma.

Cha majini tulichomaliza juzi alikileta Odoyo, yule muuza spea za pikipiki, kutoka kwa wajomba zake Migori. Ni ufalme ulio chini ya ziwa. Watu waliozama wana soko lao huko, wanauza vitu walivyosahau walipokuwa duniani. Mmoja anauza jina la mke wake, mwingine anauza njia ya kwenda kwao. Kiswahili chake ni cha ng'ambo, kinarukaruka, lakini ukikizoea unasikia baridi mgongoni. Nakipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu mfalme anahutubia mno. Nitakutumia, kama na wewe utakuwa bado na moyo wa kunitumia. Hapo ndipo penye kesi.

Kesi yenyewe ni kile kitabu cha jalada la bluu.

Najua si chako. Uliniandikia wazi kabisa: ni cha wenzako wa Jumamosi, wamekuazima kwa jina lako, kirudi tarehe thelathini mwezi huu kikiwa kizima, la sivyo wanakufuta kwenye chama na juzuu ya pili hupewi. Na usipopewa wewe, mimi huku napata wapi? Kwa hiyo usidhani nilikuwa nacheza. Mimi ndiye wa kuumia zaidi.

Ilikuwa hivi. Kitabu kilipofika, mwezi wa sita, nilisoma kurasa hamsini siku hiyohiyo, nikafanya kosa la kuwasimulia wenzangu. Kwamba kuna chombo kinasafiri miaka mia mbili kwenda nyota nyingine, watu wanazaliwa humo na kufa humo. Nahodha ni mwanamke, Kapteni Tunu, amezeeka na hana mtoto, na mtambo wa kuongozea chombo unatii damu ya ukoo wake tu. Akifa bila mrithi, chombo kinapotea na watu wote elfu tatu. Dada, nani angesubiri zamu? Walianza kugombana buchani mbele ya wateja. Odoyo anataka, Christina fundi cherehani anataka, Brayan wa mashine ya kusaga anataka. Nashoni naye anasema ameahidiwa kazi kwenye kambi ya watalii kule Ikoma, kwa hiyo apewe kwanza kama msafiri. Na Bibi alishatuma mtu kuuliza kama yule mama amepata mtoto.

Nikakiweka kwenye gogo. Ndiyo, gogo la nyama. Nikachukua kile kisu chembamba cha kutenganishia mbavu, nikakigawa mafungu sita, kila fungu kurasa hamsini na mbili, kama tunavyogawa ng'ombe wa shughuli nyumbani ili asiwepo wa kulalamika. Usipige kelele, mtoto atalia. Nilipita kwenye mshono, hakuna herufi hata moja iliyojeruhiwa. Mzee Magige alisimama akatazama mpaka mwisho, akasema, "Mura, kijana wangu, ungekuwa unawakatia wateja hivyo tungekuwa mbali."

Mafungu tukayapa majina. Kichwa, Shingo, Kidari, Mbavu, Paja, Mkia. Kila mtu na lake, ukimaliza mnabadilishana. Mimi sikufikiria jambo moja tu dogo, kwamba ng'ombe unaweza kuanza kumla popote, kitabu hapana. Odoyo aliangukia Mkia. Akasoma mwisho kabla ya watu wote, na tangu siku hiyo akawa anatembea kama waziri.

"Mimi sisemi kitu bana," anasema, "lakini Christina, yule fundi mitambo usimzoee sana."

Christina akamrushia mkebe wa vifungo. Wiki mbili nzima tulimnywesha chai na chapati ili anyamaze, na bado tukitaja majina fulani alikuwa anaguna.

Bibi Robi peke yake ndiye aliyekataa upuuzi huo. Hasomi, unajua, lakini ni msomaji mkali kuliko wote. Mchana akipepeta ulezi mimi namsomea, na alinikemea siku ya kwanza tu. "Mimi nianzie kichwani," alisema, "mimi si fisi." Basi ikawa kazi yangu kupita kwa watu kunyang'anya mafungu ili yeye apate kwa mpangilio. Kichwa kikapita vizuri, Shingo ikapita. Kwenye Kidari akanisimamisha.

Humo ndimo Kapteni Tunu anapopata mrithi. Wanamtengeneza mtoto wa kike kwenye chupa, mashine inamlea, na mwandishi hampi hata jina. Anamwita "mrithi" tu mpaka kitabu kinaisha. Bibi akaweka ungo chini.

"Huyu Tunu, ng'ombe anao?"

"Bibi, ng'ombe watoke wapi huko angani?"

"Ulisoma mwenyewe wana zizi la maziwa."

Kweli, ukurasa wa arobaini. Ng'ombe kumi na wawili, wote wa nahodha. Mimi nilishasahau.

"Basi mwanamke ana ng'ombe kumi na wawili, mtoto hana, halafu anahangaika na chupa? Si aoe msichana amzalie? Hiyo nyumba ntobhu yetu, mwanamke kuoa mwanamke, haijafika huko kwenye nyota?"

"Ni damu, Bibi. Mtambo unataka damu yake."

"Mtoto akizaliwa katika nyumba yangu, kwa ng'ombe wangu, ni wa nani? Huo mtambo nani aliufundisha ukoo?"

Nikafunua kurasa za mbele kuazima jibu kwa mwandishi. Mimi! Unanijua, huwa siazimi.

Sasa jikaze. Nashoni kazi yake ilipoitika, aliondoka kwenda Ikoma na Kidari kwenye begi. Sote tulishakisoma, yeye alikipenda, akaomba akirudie huko, akaapa kukirudisha. Wafanyakazi wa kambi wanalala kwenye mahema nyuma ya jiko, na yeye begi aliliacha nje. Dada, lile fungu lilipita kwenye gogo langu. Gogo nilikuwa nimelifuta, naapa, lakini mafuta ya ng'ombe hayatoki kwa kufuta mara moja. Kulipokucha walikuta zipu ya begi, kiatu kimoja, na karatasi moja, ukurasa wa 131. Askari wa wanyamapori akatazama nyayo, akasema ni fisi, tena si mmoja.

Nashoni akanipigia. "Heche, Kidari kimeliwa."

Nikamwambia aache utani, niko kazini.

"Wamekula kiatu changu na soli yake," akasema, "we unadhani wangeacha hadithi?"

Hapo ndipo nilipoacha kupokea simu zako. Siku tatu sikumtania mteja hata mmoja, mpaka Mzee Magige akanipeleka nikapime malaria. Nilikuwa nakuona umesimama mbele ya wenzako mikono mitupu, jina lako linafutwa kwenye daftari kwa ajili ya mkata nyama wa Tarime.

Aliyeniokoa ni Christina. Alikuja buchani na daftari kubwa jipya. "Tulikisoma sote," akasema. "Tukikaa pamoja tutakikumbuka. Mimi naandika." Mwandiko wake unaujua, kadi za harusi za mtaa mzima ni zake.

Tukakaa kwa Bibi Jumapili tatu, baada ya kanisa. Christina anakumbuka maneno ya watu. Brayan anakumbuka mitambo yote, skrubu kwa skrubu, inachosha. Mimi nakumbuka mapigano. Odoyo alikuwa anatuzuia tusipishane na Mkia, na kwa mara ya kwanza akawa na faida. Bibi alikumbuka kila kitu kwa mpangilio, mpaka nani alikaa upande gani wa meza.

Tulipofika kwenye chupa akasema hiyo hapana. Nikasimama imara, dada, nakuambia nilikutetea. "Bibi, kitabu ni cha watu, lazima kirudi kama kilivyokuwa."

"Mura," akasema, "ulikikata kwa kisu cha nyama. Leo ndiyo umekumbuka kwamba ni cha watu?"

Christina alicheka mpaka kalamu ikachora mstari ukurasa mzima. Utauona, ni wa 144.

Kwa hiyo nakueleza ukweli kabla hujafungua kifurushi. Ukitoa ule wa 131, kurasa za 105 mpaka 156 zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, na humo Kapteni Tunu haendi kwenye chupa. Anapeleka ng'ombe wanane kwa baba wa msichana anayetunza bustani ya chombo, anaoa, na mtoto anazaliwa. Mtambo unakataa kumtambua. Taa nyekundu, king'ora, watu wanalia. Kisha anakuja kizee mmoja mwenye magoti mabovu, ambaye kwenye kitabu chenu hayumo, anausimamia ule mtambo na kuutajia ukoo wa Tunu jina kwa jina, bila kupumzika, mpaka king'ora kinakatika na taa inakuwa kijani. Niliposoma sehemu hiyo kwa sauti, Brayan alitoka nje akasema anakwenda kuangalia pikipiki yake. Alikuwa amekuja kwa miguu.

Mafungu yanayofuata hayagombani na letu, maana humo wanasema "mrithi" tu. Nimekagua yote. Christina ameshona kitabu kizima kwa uzi wa viatu, mimi nimetoa ngozi ya mtamba kwa ajili ya mgongo, na jalada lenu la bluu liko palepale. Ukurasa wa 131 umebandikwa mahali pake ukiwa na matundu manne ya meno. Wenzako wana kitabu gani kingine chenye muhuri kama huo?

Kimebaki kitu kimoja. Bibi hakukubali mtoto abaki bila jina. Odoyo alitaka Atieno, jina la mtoto wa kike aliyezaliwa usiku, kwa sababu kule angani ni usiku siku zote. Christina alitaka Christina. Mimi nilipendekeza Heche, nikakumbushwa kwamba mtoto ni wa kike. Bibi akatunyamazisha wote. "Kitabu kimekuja kwa mkono wa Wegesa," akasema, "na katika mafungu yenu sita mlimsahau. Jina ndilo fungu lake." Kwa hiyo tumekuachia nafasi, ukurasa wa 149, mstari wa tatu kutoka chini. Kalamu ileile ya bluu iko ndani ya bahasha hii.

Kifurushi kinaondoka kesho kwa basi, tarehe thelathini itakikuta. Sasa ni juu yako. Unaweza kuwaambia wenzako mdogo wako ni jambazi, nao watakuamini, picha yangu wameiona. Au uandike jina, uwasomee Kidari chetu kwa sauti kabla mtu hajaanza kukagua mgongo, kisha uwaulize: chupa au ng'ombe wanane? Wakikufuta, kwetu kuna nafasi ya saba. Wakicheka, juzuu ya pili itume haraka, na kisu hakitaigusa, naapa mbele ya Bibi. Ila ukishaandika hilo jina, dada, ujue na wewe mkono wako umo.

Mama anakusalimu sana na anaomba umtumie korosho. Mzee Magige anakusalimu. Christina, Brayan na Odoyo wanakusalimu kama msomaji mwenzao. Nashoni naye, akiwa na kiatu kimoja, anaomba msamaha. Mbusu mtoto, mwambie mjomba wake ni mtu mkubwa huku. Mungu awatunze nyote watatu, kifua chako kiwe chepesi na nyumba yenu ikose ugomvi, hasa ukimaliza kusoma hapa.

Bibi yuko hapa pembeni yangu na ungo wake, ameuliza nimefikia wapi. Nimemwambia nimefikia kwenye jina. Akasema Wegesa ana akili, ataandika linalofaa, hafundishwi na mtu. Halafu akaongeza, kama anayezungumza na ulezi wake, kwamba Robi ni jina fupi, halimalizi wino.

Ni mimi mdogo wako, mkata nyama na mshona vitabu, nikupendaye hata ukinuna,

Heche