Mimea ya Mama Yako Mkubwa na Mbwa wa Marehemu

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Karakana ya Magari.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa pili.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lolote, maana hata mwenye haraka ya kuzima moto hubisha hodi kwanza. Hujambo? Mumeo hajambo? Na hao wajukuu zangu, ambao wakizungumza nami kwenye simu ni kama wanang'olewa jino, hawajambo? Baridi ya huko imepungua, au bado mnalala na soksi?

Mimi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika, lakini limelalamika tangu hujazaliwa na halijawahi kunizuia. Bado nabeba mfuko wa simenti kutoka getini mpaka stoo bila kuutua. Juzi fundi bomba alijaribu, akaishia njiani, akajifanya anafunga kamba za viatu. Mama yako mkubwa naye hajambo kwa mwili. Kwa mengine nitakueleza.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikumwomba mtu. Shule niliiacha mapema, hilo unalijua, lakini kalamu haijawahi kunishinda. Kama maneno yamepanda na kushuka, kosa ni la daftari, mistari yake haikupimwa. Sikutaka kupiga simu kwa sababu simu mama yako mkubwa anaisikia. Karatasi haioni.

Naanza na macho yake. Ile presha ya macho imemaliza kazi yake. Wewe ulipokuja kwenye mazishi ya baba yako, ndugu yangu mdogo, mama yako mkubwa alikuwa bado anaona kivuli cha mtu mlangoni. Sasa hata hicho hakuna. Daktari alisema nuru iliyokwenda haina tiketi ya kurudi. Nikamwambia daktari aseme mambo ya dawa, mambo ya tiketi awaachie wenye mabasi.

Lakini mama yako mkubwa unamjua, si mtu wa kushikwa mkono. Fimbo aliikataa, akasema fimbo ni ya nyoka. Alipoona macho yanaaga, na hili hakumwambia mtu, alipanda mimea ya kutambaa kwenye zile nguzo na waya nilizomtengenezea kutoka mlango wa jikoni mpaka bafuni kule nyuma. Pasheni mlangoni, jani lake laini. Asumini kwenye kona ya tangi la maji, pale njia inapokata, ili pua imwambie ageuke. Mdodoki karibu na bafu, jani lake linakwaruza kama ulimi wa paka. Mimi nilidhani anapamba uwanja. Kumbe anajitengenezea njia. Akawa anatoka mwenyewe alfajiri, mkono kwenye majani, anafika, anaoga, anarudi, wala humsikii. Mgeni angeapa anaona.

Hapo ndipo akaja Zamu, mbwa wa marehemu baba yako. Nilimchukua siku ileile tuliyomkuta baba yako amekaa kwenye lango la bohari alilokuwa analinda, na mbwa amelala miguuni pake hataki mtu asogee. Aliniruhusu mimi peke yangu. Wewe ulilia ukaniomba nisimtupe, ukasema huyo ndiye aliyemwona baba yako mwisho. Nikakuahidi. Na mimi nikiahidi nimeahidi, waulize wote niliowajengea.

Nikamfunga kwenye nguzo ya kona, karibu na tangi, penye kivuli. Mbwa wa mlinzi hafunguliwi mchana, ndivyo ninavyojua mimi. Mama yako mkubwa akasema nimfungue, kwamba mbwa huyu amezoea kuzunguka bohari usiku kucha na baba yako, sasa hana kazi, na asiye na kazi hutafuna chochote. Nikamwambia mambo ya mbwa aniachie. Akaniachia.

Mwanangu, alianza na asumini. Shina la chini, lile gumu, alilitafuna kama mswaki. Alfajiri moja mama yako mkubwa anafika kwenye kona, mkono unatafuta, hakuna jani, hakuna harufu. Akanyoosha moja kwa moja, akajikwaa kwenye ukingo wa tangi, akaanguka. Kifundo cha mkono kikavimba kama andazi. Hakunipigia kelele. Aliniambia tu, "Fundi, njia yangu imeliwa."

Basi nikaingia kazini. Kwanza nilichemsha pilipili kichaa nikapaka mashina na majani yote. Zamu alipiga chafya, akanitazama, akaendelea. Ila kesho yake mama yako mkubwa akapita akishika majani yake kama kawaida, kisha akajifuta uso. Sitaki kukueleza kilio kile. Macho yasiyoona, kumbe kuuma yanauma.

Nikatoa pilipili. Nikafunga matawi ya miiba kuzunguka kila shina. Mbwa aliheshimu, nakwambia kweli, hakusogea. Lakini vidole vya mama yako mkubwa vikatoboka, akawa anapita na mkono juu juu, kama anapunga nzi. Akaniuliza, "Hivi unamzuia mbwa, au unanizuia mimi?"

Jirani yetu muuza nyama akachungulia juu ya ukuta. "Mzee Timazi, nipe mimi huyo mbwa, najua pa kumpeleka." Nikamwambia, "Wewe nakujua unapopeleka vitu, safari huishia kwenye mizani." Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka.

Nikaamua kufanya kazi ya kweli, kazi ninayoijua. Mimi ndiye Timazi. Katika mji huu hakuna ukuta wangu uliowahi kuanguka, na wapo waliosoma mpaka kofia nyeusi zikawakaa kichwani, kuta zao zimelala kifudifudi. Nikasema nitajenga vikuta vifupi vya matofali kuzunguka kila mmea, kimo cha mbwa, mkono wa binadamu upite juu bila kugusa tofali. Akili hiyo haikutoka kwa mtu, ilitoka humu.

Na ukuta bila msingi ni uongo. Kwa hiyo nilichimba msingi. Nikachimba kwa sururu, nikanyoosha kingo kwa sepeto, nikashindilia udongo mpaka ukalia. Humo ndani kulikuwa na vinyuzi vyeupe vingi, nikavikata nikavitupa, maana msingi unataka usafi. Nikamwaga kokoto na simenti, nikapandisha matofali, nikapima kwa timazi na pima maji. Maji ya kuoshea mwiko nikayamwaga palepale kwenye mashina, nikidhani nayanywesha. Mama yako mkubwa alikuwa mlangoni anasikiliza. "Fundi, unajenga benki?" Nikamwambia, "Najenga ulinzi." Wallahi vilikuwa vikuta vizuri. Hata muuza nyama alikiri.

Zamu hakugusa tena. Alilala mbele ya vile vikuta, kichwa juu ya miguu, siku nzima.

Lakini pasheni ikaanza kunyauka. Kisha mdodoki ukawa wa njano, kisha kahawia, majani yakawa yanalia kwa ukavu ukiyagusa. Asumini iliyokuwa imeanza kuchipua tena pale ilipotafunwa, ikakoma. Nikamwagia maji, nikamwagia tena. Nikasema ni jua. Nikasema ni simenti ya siku hizi, imechakachuliwa. Nikasema mengi.

Mama yako mkubwa naye akashika lake. Kila alfajiri akipapasa na kukuta jani limekufa, alijua ni mbwa. Yule aliyemtetea, sasa akageuka. Akasema ameshindwa, kwamba baba yako alikuwa shemeji yake kipenzi lakini amekwisha zikwa, na yeye bado anahitaji kwenda bafuni. Akasema nimwite muuza nyama.

Nilikuwa nimekwisha kuelewa, mwanangu. Nilipokuwa nashindilia nilikuwa sijaelewa, lakini siku mdodoki ulipolala juu ya waya nilikumbuka vile vinyuzi vyeupe. Ila kinywa changu hakina mlango wa maneno kama hayo. Nikapita getini, nikamwita muuza nyama. Nilijiambia mbwa ni mbwa.

Alikuja Ijumaa moja mchana na kamba na mkokoteni. Zamu akasimama, akatikisa mkia, alidhani anaitwa kazini. Hapo mama yako mkubwa akasema ngoja, anataka kuagana na mimea yake kwanza, ajue kilichobaki. Akaja peke yake, akishika vikuta vyangu, akapiga magoti kwenye kona ya tangi. Akaingiza mkono ndani ya kikuta, akafukua udongo kwa vidole. Mimi nimesimama hapo na muuza nyama, tunamtazama. Akatoa mzizi. Akaupapasa ncha yake kwa kidole gumba, polepole, akaupapasa tena. Akafukua mwingine.

Akauliza, "Mbwa huyu ana sepeto?"

Mzizi ulikuwa umekatwa sawasawa, mstari mmoja, kama ninavyokata mimi.

Akasimama, akajipangusa magoti, akamgeukia muuza nyama upande aliokuwa anapumulia. "Jirani, rudi na kamba yako. Aliyeua mimea yangu nalala naye kitanda kimoja." Muuza nyama, na mdomo wake wote ule, akasukuma mkokoteni wake akaondoka bila utani.

Tangu siku hiyo hajanitukana. Afadhali angenitukana, tukamaliza. Chakula anapika kwa kupapasa, ananipa. Nikiuliza, anajibu. Lakini haniiti tena kwa utani.

Kesho yake nilichukua nyundo na tindo nikavunja vile vikuta vyote. Mwanangu, sijawahi kuvunja kazi yangu mwenyewe. Viligoma kuvunjika, kwa sababu nilivijenga vizuri. Mikono yangu ilichubuka mpaka nikafunga vitambaa. Zamu nimemfungua. Asubuhi natoka naye, tunazunguka lile bohari alikokuwa anafanya kazi baba yako, mlinzi mpya anatuona wajinga. Mbwa hatafuni tena kitu. Lakini hata kama angetaka, hakuna cha kutafuna.

Nimechuna shina la pasheni kwa ukucha, ndani kuna kijani kidogo. Sikuahidi kitu. Nimetafuta miche ya asumini kwa wauza maua wa barabarani, wana maua ya plastiki tele. Mvua haijanyesha. Na mmea wa kutambaa hauna haraka, unataka msimu na msimu mwingine, na sisi si vijana. Sijui nini kitatangulia, majani kufika bafuni au sisi kufika tunakokwenda.

Sasa ninachokuomba ni hiki. Mpigie mama yako mkubwa. Mwambie mambo ya watoto, mambo ya kazi yako, mchekeshe, wewe unamweza. Usimwambie nimekuandikia. Na mbwa usihangaike naye, ahadi yangu ipo palepale, atazikwa hapa kwangu siku yake ikifika. Ukija likizo, njoo na mche wa asumini kama huko ipo, uufunge kwenye gazeti lenye maji. Usije na ushauri.

Nilitaka kukuambia na hili, nikasita, lakini karatasi bado ina nafasi. Juzijuzi alfajiri aliniita. Miaka yote hii hajawahi kuniita nimpeleke popote, hata siku alizokuwa na mimba. Alisimama mlangoni akaita, "Fundi," nami nikaenda nikampa bega. Sasa kila alfajiri tunakwenda hivyo, mimi mbele, yeye nyuma, mkono mmoja begani kwangu. Lakini ule mkono wake mwingine, mwanangu, bado anaunyoosha pembeni kuelekea kwenye nguzo, vidole vimefunguka, na unapita hewani njia nzima.

Nisalimie mumeo, mwambie fundi anamkumbuka na mlango alioutengeneza hapa haufungiki. Nisalimie wajukuu zangu wote, mkubwa kwa mdogo. Msalimie mama yako ukimpigia, mwambie kaburi la ndugu yangu nimelisakafia mwenyewe na halina ufa. Shangazi yako naye mfikishie salamu, hata kama hanisalimii. Muuza nyama anakusalimu, alisema nisisahau kuandika.

Mungu akuwekee macho yako, akulindie mikono yako, na nyumba yako isikose mtu wa kumwita.

Wako akupendaye, asiyewahi kukusahau,

Baba yako mkubwa,
Timazi.