Debra na Hoteli ya Owiti

Aloo, wacha kila kitu usome hii. Debra amemmaliza Owiti! Amemmaliza kabisa!

Si unakumbuka vile Owiti, huyo jirani yake, alimshtaki kwa kaunti, eti huu mtaa ni wa makazi, biashara hairuhusiwi? Kibanda chake cha kukaanga samaki kikabomolewa, Debra akalia mpaka sauti ikapotea.

Sasa Owiti mwenyewe ameomba kibali. Anataka kujenga hoteli. Hoteli, Aloo! Ghorofa sita, hapo hapo kwa ploti yake!

Leo wakazi wameitwa kutoa maoni. Debra akasimama, akamuuliza afisa wa mipango kama mpango wa mtaa unaruhusu hoteli. Afisa akasema hapana, na ghorofa mwisho ni mbili.

Owiti akaruka juu: "Mama, hii ni maendeleo!"

"Na samaki yangu ilikuwa nini?"

Ukumbi wote ukalipuka kwa kicheko. Ombi halikupita.

Owiti akamfuata nje, jasho tele, akimwita dada. "Tusameheane, sisi ni majirani."

Debra akamjibu polepole, "Ukuta wako umeingia kwa barabara. Kesho naenda kuuliza hiyo pia."

Aloo, alikuwa anatabasamu.