Mjukuu Wako Anataka Kusomea Picha

Tyseley, Birmingham

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Kaka Omari aliniambia siku hizi unapanda ngazi za Shangazi Rukia bila kushikwa mkono, nikafurahi mno. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baridi imeanza kulegea, ingawa mimi bado natoka na soksi mbili mbili na watoto wananicheka.

Najua Seif alikupigia simu akakuomba umkanye Nasra. Hakukudanganya, mama, lakini mengine yametokea baada ya simu ile, na kwenye simu huwa tunapiga kelele tu bila kusikilizana. Mwambie Omari akusomee taratibu, chai ikiwa karibu.

Ilianza tukiwa mezani. Nasra alisema chuo kikuu hataki tena famasia, anataka kusomea historia ya sanaa ya Ulaya. Seif akaweka kijiko chini.

"Sanaa gani?"

"Paintings, Baba. Michoro."

"Yaani miaka yote hiyo uende ukaangalie picha? Picha za makanisa na watu walio uchi?"

"It's not just that!" Mtoto akainuka, akaingia chumbani, chakula akakiacha.

Tangu hapo wakawa wanaongea kupitia kwangu. Mwambie baba, mwambie mwanao, na wote wako sebule moja. Usimwone Seif mkatili. Unakumbuka alivyokuja huku na cheti chake cha ualimu, kila alipokipeleka wakamrudishia kwa heshima na kumwambia hakitambuliki. Leo anatengeneza breki za treni kwenye karakana ya hapa Tyseley. Usiku mmoja aliniambia, "Zuhura, mimi najua uchungu wa kusoma kitu kisichokupa kazi. Sitaki uwe wake."

Na mimi mwenyewe nilikuwa na hofu. Nilifungua kitabu cha Nasra nikakutana na mwanamke amelala bila hata leso, nikakifunga haraka. Nilipomuuliza, akaniambia daktari naye anaona miili na hakuna anayemlaumu.

Basi siku moja nakata vitunguu, nikamwambia, "Njoo unifundishe hayo mambo yako." Aliniangalia kama nimemtania. Kisha akaleta kitabu, akakaa juu ya ndoo ya mchele. Alieleza kwa Kiingereza, mimi nauliza kwa Kiswahili, kama kawaida yetu. Akasema zama za Renesansi maana yake ni kuzaliwa upya: wachoraji walirudi kusoma kazi za Wayunani na Warumi wa kale, wakaanza kuupima mwili wa mtu na kuupima umbali, mpaka ukuta mtupu ukaonekana una chumba ndani yake. Ikafuata Baroki, watu wa kishindo, nguo zinapepea, nyuso zinalia. Halafu, muda mrefu baadaye, wakaja Waimpresionisti waliotoka kuchora nje, wakikimbizana na mwanga kabla haujabadilika. Jina hilo walipewa kwa kejeli, mama, ati wanachora hisia ya haraka tu, hawamalizi kazi. Nao wakalichukua wakajiita hivyo hivyo.

Vitunguu vilikwisha zamani, tukaendelea. Miaka yote mtoto huyu ananieleza barua za halmashauri na maneno ya daktari, mambo yanayomchosha. Sikuwa nimewahi kumsikia akinieleza kitu anachokipenda.

Wiki mbili baadaye mwalimu wao akawapeleka makumbusho, siku ya Jumamosi, wazazi wakaalikwa. Kila mwanafunzi asimame mbele ya picha moja aizungumzie. Seif alisema ana zamu. Nikaenda peke yangu, nikasimama nyuma ya wazazi wa Kizungu walionukia vizuri. Picha ya Nasra ilikuwa ya mzee anayesoma, giza limemzunguka, mwanga unampiga upande mmoja. Alikuwa ameanza kusema nilipogeuka nikamwona Seif mlangoni, na nguo za kazi, koti la njano limekunjwa kwapani. Alikuwa ameomba ruhusa.

Nasra alimaliza, watu wakapiga makofi. Mwalimu akauliza nani ana swali. Seif akanyoosha mkono.

"Nasra, mimi sikuelewa. Nieleze kwa Kiswahili."

Watu wote wakageuka. Mama, nilitamani sakafu inimeze. Nasra alimtazama mwalimu, mwalimu akamwitikia kwa kichwa kumruhusu. Mtoto akashusha pumzi.

"Baba, hii inaitwa... kiaroskuro. Ni Kitaliano. Kiaro ni ile... light."

"Mwanga," Seif akasema.

"Mwanga. Na skuro ni dark."

"Kiza."

"Mwanga na kiza, pamoja. Mchoraji hakuchora vitu vyote. Ame... amechagua."

"Mbona nusu ya uso kaificha?"

Nasra alifikiri. Nilimwona anatafuta maneno, midomo inacheza. "Hakuificha, Baba. Iko. Anataka wewe uitafute."

Seif akasogea mbele, watu wakampisha. Akainama mpaka mlinzi akamwomba arudi nyuma kidogo. "Kweli," akasema. "Jicho la pili lile pale." Nasra akacheka, na machozi yakamtoka palepale mbele ya wenzake.

Nyumbani Seif akasema, "Aombe nafasi. Lakini famasia nayo aiombe." Nasra akaomba zote mbili, na zote akapata. Siku kadhaa baadaye Seif mwenyewe akamwambia achague analolitaka, asije akamlaumu baba yake ukubwani. Amechagua picha zake. Hofu haijamtoka Seif, wala mimi sitakuficha kwamba hainitoki, lakini ndani ya nyumba sasa watu wanasalimiana.

Tena wamepata mchezo wao, kutafuta maneno. Juzi Nasra alituuliza ile namna ya kuchora umbali, mistari ikakutana mbali mbele, tunaiitaje kwa Kiswahili. Hatukujua. Alikuwa ametuonyesha kwa penseli na Seif akasema haelewi mistari inakutanaje. Jana mchana akanipigia kutoka kazini, chuma kinagonga nyuma yake, anapayuka: "Zuhura, mwambie Nasra nimesimama hapa naangalia reli. Zinakutana kule mbele! Neno bado sijalipata, lakini nimeona."

Nisalimie kaka Omari, na wifi Mwanaisha mkewe, na Shangazi Rukia umwambie namwombea afya. Nasra anakubusu mikono. Akikupigia, usiwaruhusu watu wa hapo wamcheke matamshi yake.

Radhi zako ndizo ninazotembea nazo, mama.

Mwanao,
Zuhura