Kibao Ulichokificha

Madamu Biira,

Karatasi hii si yangu. Mwalimu mkuu alinipa jana niandike maelezo: kwa nini nimekataa kurudisha mali ya shule. Anataka yawe mezani kwake Jumatatu asubuhi kabla ya kengele. Nimekaa nayo tangu nilipoamka, naandika mstari, naukata. Mwishowe nimeona wa kuelezwa kwanza ni wewe, maana kosa langu lilianzia kwenye kabati lako.

Wiki ile tuliyotoka kukuzika kwenu Bugoye, nilitumwa kulisafisha. Kapu lako la kufundishia lilikuwa pale pale: kijiko, jiwe, kamba, kofia ya marehemu mzee wako. Chini kabisa, kwenye kipande cha kitenge ulichokifunga mafundo mawili, nikakuta kibao. Kile cha kuvalishwa shingoni mtoto aliyesikika akisema Lhukonzo, lugha yetu ya nyumbani, au Kiswahili shuleni badala ya Kiingereza, akae nacho mpaka amnase mwenzake amvalishe, na atakayebaki nacho jioni asafishe vyoo. Miaka miwili nilikaa darasani kwako nikijifunza kazi, sikukiona hata siku moja. Nilipaswa kujiuliza kwa nini. Badala yake nilikipangusa, nikakipeleka ofisini kama mtu aliyeokota pochi ya watu. Mwalimu mkuu akakigeuzageuza, akasema, "Kumbe iko." Madamu, nilisimama pale nikingoja kushukuriwa.

Kikaanza kazi siku iliyofuata. Unalijua darasa letu la tatu lilivyokuwa na kelele. Sasa watoto wanatembea na masikio. Wanaviziana bombani, wanaviziana kwenye foleni ya uji. Mbambu, yule wa kucheka ovyo, alimkanyaga rafiki yake kusudi ili alie kwa Lhukonzo, ampe kibao. Nilimwona. Sikusema kitu, kwa sababu bado sijathibitishwa kazini, na neno moja la mwalimu mkuu linatosha kunirudisha Kasese nikazunguke na bahasha ya vyeti.

Halafu kikamfikia Furaha. Unamkumbuka, mtoto wa yule mama aliyekimbia vita kule Beni, anayeuza vitenge sokoni hapa Bwera. Wewe ndiye uliyempokea, ukamkalisha karibu na dirisha. Ulimwacha msemaji. Alivalishwa kibao Jumatatu, na Jumanne akaja nacho, Jumatano akaja nacho. Wenzake waliropoka Kiswahili mbele yake na yeye akatazama pembeni. Hakutaka kumnasa mtu. Alifunga mdomo tu, na kila jioni alichukua ndoo na ufagio akaenda vyooni peke yake. Wiki tatu, Madamu. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari.

Mama yake alinikuta getini. Hakupiga kelele. "Mwalimu, mutoto haseme tena, hata ku nyumba. Mulimufanya nini?" Akasema wiki ikiisha atamtoa shule, akae naye sokoni. Nilimjibu kwamba nitaangalia. Niliona aibu hata ya kumtazama usoni.

Juzi Alhamisi mwalimu mkuu akaja kunikagua. Alikuwa ameshaniambia, "Mimi nataka grama, Bwambale, hapana michezo." Alitaka kanuni za wakati uliopita wa Kiingereza ziandikwe ubaoni, watoto waziimbe. Akakaa nyuma na daftari lake. Chaki ilikuwa mkononi. Furaha alikuwa dirishani, kibao kifuani, anatazama meza.

Nikaenda nikamvua. Nikajivalisha mwenyewe. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika nyuma, "Leo hiki ni changu. Nimesema Kiswahili." Hakuna aliyecheka. Nikatoa kapu lako, nikarudi kwenye Kiingereza.

Nilifanya kama ulivyokuwa ukifanya. Nilivaa kofia, nikaivua, nikauliza nimefanya nini. Nilificha jiwe, nikauliza nililiweka wapi. Mikono michache ikainuka, kwa woga. Kisha nikauliza jana nyumbani nani alifanya nini, nikangoja. Ukimya ule ulikuwa mrefu. Nilisikia kalamu ya mwalimu mkuu ikiandika. Nilitamani kumtaja mtoto yeyote ili tuondokane nao. Nikakumbuka ulivyozoea kuniambia, "Usimkate mtoto akiwa njiani. Mwache afike."

Furaha akasimama. Alisema kwa Kiingereza kwamba jana anabeba maji, anaanguka, mama anacheka. Kila kitendo alikitaja kama kinatokea sasa hivi, hakuna hata kimoja kilichokaa jana. Sikumkata. Alipofika mwisho nilimjibu kama wewe, kana kwamba tunapiga soga: kumbe ulibeba maji, ukaanguka, mama akacheka? Akanisikiliza vizuri. Akarudia yote, safari hii vikakaa jana vyote. Halafu akaongeza bila kuulizwa kwamba na yeye alicheka.

Niliwapa mgongo, nikajifanya naandika ubaoni. Nililia, Madamu. Nilikukasirikia pia, kwamba ulikificha bila kuniambia, ukaniacha nikifukue kwa ujinga wangu. Labda ulidhani muda upo.

Jana mama yake hakuja kumtoa. Mwalimu mkuu ndiye aliyeniita, akanyoosha mkono juu ya meza, akasema lete kibao. Nikasema sileti. Akasukuma karatasi hii.

Sasa nimeijaza pande zote mbili, haina tena nafasi ya maelezo yake. Jumatatu nitamwambia kwa mdomo, na sijui nitasimama vipi. Lakini cha kurudisha hakipo. Asubuhi hii nilikipasua kwa panga, nikakiwasha chini ya birika. Mti ulikuwa mkavu sana, na chai imechemka kabla sijamaliza kuosha kikombe.

Pumzika, Madamu wangu. Darasa lako nitalisubiri lifike, mtoto mmoja mmoja, siku zote nitakazoachwa pale. Na wakinifukuza, kapu naondoka nalo.

Mwanafunzi wako,
Bwambale