Rangi ya Magugu

Jumanne, 1998

Kijani na zambarau. Hizo ndizo rangi alizozichagua binti yangu Akinyi kwa tovuti ya kikundi chetu cha wavuvi wa Dunga, ile tunayotarajia ituletee wanunuzi wa samaki kutoka nje. Amesomea kazi hiyo Nairobi. Alisema ni rangi za ziwa lenyewe, na mgeni atavutiwa.

Leo alimwonyesha Adhiambo, mjane wa ndugu yangu Ouma. Adhiambo aliitazama kompyuta, kisha akanigeukia mimi.

"Mzee, hii si ile magugu ilishika boti ya Ouma mpaka akakufa?"

Ni kweli: magugu yanayoelea ziwani yana majani ya kijani na maua ya zambarau.

Akinyi aliomba radhi, akajaribu buluu.

"Na hii ni ziwa ya wapi?" Adhiambo akauliza. "Nionyeshe hapa kwetu iko wapi."

Hakukosea. Tangu magugu yafunike ufuo, maji hatuyaoni, na mashua nyingi zimelala nchi kavu.

Tukaiacha nyeupe, herufi nyeusi, kama tangazo la msiba. Inasomeka vizuri.

Rangi hainisumbui tena. Ninachohofia ni kwamba mnunuzi atajibu, na sijui tutampa samaki gani.